Rabi asiye na sura: jibu kwa msomaji aliyetembelea Leżajsk na Łańcut

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nasoma Rzeszów, kusini mashariki mwa Poland, huu ni mwaka wangu wa pili. Mwezi Machi rafiki yangu wa bwenini alinipeleka mji mdogo unaoitwa Leżajsk. Tulikuta Wayahudi wengi ajabu, makoti meusi, kofia nyeusi, wanapanda kwenda kwenye kaburi la rabi wao, wanasali kwa sauti na kutupa vikaratasi juu ya kaburi. Wiki iliyofuata tukaenda Łańcut. Ndani ya sinagogi la kale niliinua macho nikaona samaki mkubwa kachorwa darini, anauma mkia wake mwenyewe. Wakatuonyesha na chumba kidogo, wakasema mwanafunzi wa rabi yule wa Leżajsk alikuwa akisali humo. Nilipopita Kraków nikanunua picha ya mzee mwenye ndevu anahesabu sarafu, muuzaji akasema ni rabi wa zamani. Je, ndiye huyo wa Leżajsk? Alikuwa nani hasa hadi watu wamfuate hivyo? Na kama Wayahudi wamekatazwa kuchora, samaki yule alifikaje darini? Tena, mtu asiye Myahudi anaruhusiwa kuingia kule kaburini?"

Marahaba, kijana wangu. Nianzie kwenye picha uliyonunua, maana hiyo ndiyo yenye jibu fupi: siye. Si rabi wa Leżajsk, si wa mji mwingine wowote, na yaelekea si mtu aliyepata kuishi. Ulichonunua ni hirizi. Wapo Wapoland wengi wanaotundika ukumbini au karibu na mlango picha ya Myahudi mzee anayehesabu fedha, kwa imani kwamba italeta pesa nyumbani. Na wapo wanaoipindua kichwa chini miguu juu siku ya Jumamosi, Sabato ya Wayahudi, ili sarafu alizokusanya wiki nzima zimwagike ndani ya nyumba. Usicheke, wanafanya kweli. Desturi hiyo ilishamiri zaidi baada ya ukomunisti kuanguka mwaka 1989, katika nchi ambayo Wayahudi wake karibu wote walikuwa wameshauawa nusu karne kabla. Ndevu na kofia zimeazimwa kwa marabi, sarafu zimetoka kwenye ile dhihaka ya kale kwamba Myahudi na pesa ni kitu kimoja, vikagandishwa pamoja vikawekwa fremu. Muuzaji pengine hakukusudia kukudanganya. Naye aliuziwa hivyo hivyo.

Ila hata ungezunguka makumbusho yote ya Poland, sura ya rabi wa Leżajsk usingeipata. Hakuna picha yake inayojulikana. Watu wanasafiri kutoka Brooklyn, London na Yerusalemu kumzuru mtu ambaye hawajui pua yake ilikuwaje, na wala haiwakeri. Swali lako la tatu, la samaki, nadhani linajibika vizuri zaidi ukilianzia hapo.

Jina lake Elimelech. Alizaliwa 1717, akafariki tarehe 21 ya mwezi wa Adari kwa kalenda ya Kiebrania, mwaka 1787. Adari huangukia kati ya Februari na Machi, ndiyo maana ulikuta umati ule: ulifika siku ya kumbukumbu ya kifo chake, au jirani yake. Wayahudi hawauiti mji ule Leżajsk. Kwa Kiyidi, lugha yao ya nyumbani iliyojengwa juu ya Kijerumani na kuandikwa kwa herufi za Kiebrania, unaitwa Lizhensk, na yeye ni Rebe Elimelech wa Lizhensk. "Rebe" si sawasawa na "rabi". Rabi ni msomi wa sheria, anayeulizwa kama kuku huyu ni halali au ndoa ile imevunjika. Rebe ni kiongozi wa kiroho ambaye watu wamejifunga kwake, wanampelekea shida zao, wanaketi mezani pake. Mtu mmoja aweza kuwa vyote viwili, lakini heshima anayopewa rebe ni ya namna nyingine.

Marebe ni viongozi wa Wahasidi, vuguvugu la uamsho wa kiroho miongoni mwa Wayahudi. Vuguvugu hilo lilianza katika eneo ambalo leo ni magharibi ya Ukraine, kwa mtu aliyeitwa Israel ben Eliezer, maarufu kwa jina la Baal Shem Tov, aliyefariki 1760 katika mji wa Medzhybizh. Alifundisha kwamba hata fundi viatu asiyejua kusoma sawasawa anaweza kumkaribia Mungu kwa furaha, kwa wimbo, kwa sala yenye moyo. Baada yake alikuja Dov Ber wa Mezritch, aliyewakusanya wanafunzi na kuwatawanya kama mbegu. Elimelech alikuwa mmoja wa mbegu hizo. Dov Ber alipofariki mwaka 1772, Elimelech alikuwa miongoni mwa waliolipanda vuguvugu hili katika Galicia, jimbo lililokuwa limenyakuliwa na Austria mwaka huohuo. Mwaka huohuo tena marabi wa Vilnius walitoa marufuku kali dhidi ya Wahasidi. Kwa hiyo usimfikirie kama mzee mtulivu wa kijijini. Aliishi katikati ya mvutano, mpaka wa nchi umehama na dini yake imegawanyika.

Alichokiongeza yeye ni fundisho la tsadiki, yaani mwenye haki. Kwa Elimelech, tsadiki ni ngazi: miguu yake iko ardhini kwa watu, kichwa kiko juu. Watu wanampa riziki ya mwili, yeye anawaombea mambo matatu ambayo kila mwanadamu anayahitaji: watoto, uhai na kipato. Mwanawe Eleazar alichapisha mafundisho yake huko Lwów mwaka 1788, mwaka mmoja tu baada ya mazishi, katika kitabu kiitwacho Noam Elimelech, na kutokana na kitabu hicho nyumba nyingi za marebe wa Poland zilipata mwongozo wa namna ya kuwa rebe. Wakosoaji wanasema hapo ndipo mlango ulipofunguliwa kwa marebe waliokuja kuishi kama wafalme. Kuna ukweli ndani yake. Lakini yeye mwenyewe alijinyima chakula, usingizi na starehe hadi wenzake wakamhurumia.

Kabla ya kutulia Leżajsk, wanasimulia, yeye na ndugu yake Zusha walizurura miaka mingi kama ombaomba, uhamisho wa kujitakia. Kisa kimoja utakisikia kwa kila mzee wa Kihasidi. Wamelala kwenye nyumba ya wageni ya mashambani, kando ya jiko, Zusha upande wa nje na Elimelech ukutani. Walevi wanacheza, na kila wakizunguka wanampiga aliye nje. Elimelech anamnong'oneza, "Ndugu yangu, tubadilishane, kipigo chako kimetosha." Wakabadilishana. Walevi wakarudi, mmoja akasema, "Huyu wa nje tumeshamtandika vya kutosha, leo tumwonje yule wa ndani." Zusha akapigwa tena. Asubuhi akamwambia nduguye kwamba aliyeandikiwa kipigo kitamfuata hata akihama pembe. Zusha ndiye huyohuyo anayesimuliwa kusema kwamba siku ya hukumu hataulizwa kwa nini hakuwa Musa, ataulizwa kwa nini hakuwa Zusha.

Nakusimulia haya kwa sababu hii ndiyo picha yake. Wahasidi walimchora kwa mdomo. Msanii anayechora uso anakupa ndevu na makunyanzi. Msimuliaji anakupa jiko, walevi, na mtu anayejitolea kuchukua kipigo cha nduguye na bado hakimfikii.

Sasa twende kwenye katazo. Amri inayohusika iko kwenye Kitabu cha Kutoka, sura ya 20: usijifanyie sanamu ya kuchonga wala mfano wa kitu chochote. Ukiisoma hivyo ilivyo, hata mche wa mgomba usingechorwa. Lakini wasomi wa Kiyahudi waliijadili kwa karne nyingi, na jambo lililobaki kuwa zito zaidi ni sura ya mwanadamu, hasa ya kuchongwa. Wanyama, miti, vyombo vya hekalu, nyota na maandishi vilipata nafasi. Kwa hiyo masinagogi ya Poland ya karne ya 17 na ya 18 yalijaa rangi kuliko unavyoweza kudhani. Kuna simba, tai, kulungu na chui, kwa sababu msemo wa kale wa marabi unamtaka mtu awe hodari kama chui, mwepesi kama tai, mwenye mbio kama kulungu na mwenye nguvu kama simba katika kufanya mapenzi ya Baba yake wa mbinguni. Ukifika Warszawa ingia makumbusho ya POLIN, utakuta dari la sinagogi la mbao la Gwoździec limejengwa na kupakwa rangi upya, maana lenyewe halipo tena. Simama chini yake dakika kumi. Halafu uniambie kama hao ni watu wasiopenda picha.

Sinagogi uliloingia Łańcut lilijengwa 1761, la matofali, katika mji uliokuwa mali ya ukoo wa Lubomirski. Ukiingia ukumbi mkuu unakutana na nguzo nne nene katikati, na kati yake jukwaa ambapo Torati husomwa. Nguzo zile hazikuwekwa kwa urembo. Zimebeba paa. Mafundi wa enzi hizo walikuwa na njia hii ya kujenga: jukwaa la kusomea liwe ndilo mhimili, dari zima liegemee pale. Msomaji anasimama mahali ambapo uzito wote wa jengo unashuka. Sijui kama fundi alikusudia mfano wowote au alikuwa anafikiria tofali tu, lakini kila nikisimama pale sikosi kulifikiria.

Kuta zimegawanywa kwa nguzo za kuchora na mapazia ya kuchora, na ndani ya kila gawio kuna sala imeandikwa kwa Kiebrania, herufi kubwa, kama ukurasa wa kitabu uliobandikwa ukutani. Vitabu vilikuwa ghali na taa hafifu. Asiye na kitabu aligeuza shingo. Maandishi ni sanaa yenyewe pale, jambo ambalo mtu aliyekulia karibu na misikiti ya pwani hahitaji kuelezwa mara mbili. Juu ya jukwaa wamechora matukio ya Mwanzo: dhambi ya kwanza bustanini, safina ya Nuhu, dhabihu ya Isaka.

Na juu kabisa, ndani ya kuba dogo linalofunika jukwaa, ndiyo yule samaki wako. Ni Lewiathani. Ayubu anamtaja, Zaburi zinamtaja, na masimulizi ya marabi yanaongeza kwamba Mungu amemhifadhi kwa ajili ya karamu ya wenye haki siku za mwisho: nyama yake italiwa, na ngozi yake itakuwa hema la kuketi chini yake. Kujikunja kwake hadi kuuma mkia hufasiriwa kwamba ameuzunguka ulimwengu. Akiuachia mkia, ulimwengu unafumuka. Sasa jiweke mahali pa msomaji wa Torati. Uko chini ya duara lile. Kwa hesabu ya mchoraji, umeshaketi hemani, karamu inasubiriwa. Wengi hupita chini yake wakitafuta pembe nzuri ya kupiga picha, wakatoka bila kujua walikuwa wamekaribishwa chakula.

Rangi unazoziona si zote za karne ya 18. Kuta zimepakwa na kurekebishwa mara kadhaa, na wakarabati wa karne ya 20 walifanya kazi kubwa. Hilo lisikuvunje moyo.

Kile chumba kidogo chenye dari la matao, karibu na mlango, wenyeji wanakiita chumba cha Lublin. Aliyesali humo ni Jacob Isaac Horowitz, ambaye baadaye alihamia Lublin akajulikana kama Mwonaji wa Lublin, akafariki 1815. Alikuwa mwanafunzi wa Elimelech, na habari zao si tamu tu. Mwanafunzi alianza kukusanya wafuasi wake mwenyewe pale Łańcut wakati mwalimu bado yu hai Leżajsk, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari za leo. Unaweza kukisia mwalimu alilipokeaje. Ni kama fundi cherehani kumkuta mwanagenzi wake amefungua kibanda mtaa wa pili, na wateja ni walewale.

Pamoja na hayo, Wahasidi husimulia kwamba Elimelech alipokuwa anakata roho aliwaita wanafunzi wake wanne akawawekea mikono. Israel wa Kozienice akapewa moyo. Menachem Mendel wa Rymanów akapewa akili. Abraham Joshua Heschel, aliyekuja kuwa rabi wa Opatów, akapewa kinywa. Na Jacob Isaac, yuleyule aliyemkosea adabu, akapewa macho. Tazama basi: masimulizi yanaugawa mwili wa mtu kiungo kwa kiungo, moyo, akili, midomo, macho, lakini sura nzima haiungwi popote. Kila mji mdogo ulipata kipande. Ukipiga mstari kwenye ramani kutoka Leżajsk hadi Kozienice, Rymanów, Opatów na Lublin, umechora picha pekee ya Elimelech ambayo Wahasidi wameihifadhi.

Huyo aliyerithi macho naye alipata tabu nayo. Wanasema aliona mno, mpaka dhambi za mtu zilizoandikwa kwenye paji la uso, na kwamba kuna miaka saba alipoyafumba asione ubaya, isipokuwa wakati wa kusali na kusoma. Na mwalimu wake aliacha sala ambayo Wayahudi wengi hadi leo huisoma kabla ya sala yenyewe ya asubuhi. Ndani yake anaomba tusiwe na wivu sisi kwa sisi, bali kila mmoja aone uzuri wa mwenzake na si upungufu wake. Ukiwa na dakika tano, isome sala hiyo halafu itazame tena picha ya sarafu uliyonunua.

Je, hakuna aliyejaribu kuwachora marebe? Wapo, na wengine walikosea vibaya. Ile picha maarufu inayosambazwa kama sura ya Baal Shem Tov, mzee mwenye kofia na macho makali, si yake. Ni ya Samuel Falk, Myahudi wa London aliyefariki 1782, naye alikuwa na lakabu ya Baal Shem, "bwana wa Jina". Majina yakafanana, picha ikahama mwenyewe. Mimi pia niliwahi kuiweka ukutani katika mhadhara wangu wa kwanza kuhusu Wahasidi, nikaielezea macho yale kwa dakika nzima, mpaka mzee mmoja mstari wa nyuma akainua mkono kwa upole. Sijasahau.

Mchoraji ninayempenda katika jambo hili ni Isidor Kaufmann, aliyezaliwa Arad mwaka 1853 na kufanya kazi Vienna hadi kufariki 1921. Kila mwaka alifunga safari kwenda miji midogo ya Galicia na kwingineko akiwa na vifaa vyake, akawachora watu aliowakuta: kijana mwenye kofia ya manyoya, mzee mbele ya pazia la sanduku la Torati. Picha zake nyingi ni ndogo, unazisogelea hadi karibu ugonge kioo. Manyoya ya kofia utayahesabu unywele kwa unywele. Uzi wa dhahabu kwenye pazia unang'aa, lakini kingo zake zimechakaa, na hakuuficha uchakavu. Mara nyingi hatujui jina la aliyechorwa. Kuna wanaomlaumu kwamba aliwapamba, kwamba umaskini na tope la mitaa ya Galicia havionekani. Lawama ina haki yake. Lakini ukiwaweka watu wake kando ya yule mzee wa sarafu, hutahitaji mwalimu wa kukufafanulia tofauti: hawa wanakutazama, yule anatazama pesa.

Halafu kuna Elimelech wa wimbo. Katika Marekani ya karne ya 20 mshairi wa Kiyidi Moyshe Nadir aliandika wimbo wa mzaha kuhusu rebe Elimelech anayechangamka, anavua vifaa vyake vya sala na kuwaita wapiga fidla. Unaimbwa hadi leo harusini na jukwaani, na kwa watu wengi huyo ndiye Elimelech wanayemjua: babu mchangamfu, mashavu mekundu. Nadir hakuwa Mhasidi hata kidogo, alikuwa mtu wa mrengo wa kushoto, na mtu wa kweli wa Leżajsk alikuwa mtu wa kufunga na kulia usiku. Wahasidi wenyewe nao wamewahi kuuimba. Usiniulize imekuwaje, nyimbo zina ukaidi wake.

Turudi kaburini. Kibanda kile kilichojengwa juu ya kaburi huitwa oheli, maana yake hema. Ndani kaburi limezungushiwa uzio wa chuma, na vile vikaratasi ulivyoviona huitwa kvitli. Rebe akiwa hai, Mhasidi humwandikia ombi kwenye karatasi kama hizo; akifa, hupelekewa kaburini. Zina muundo wake. Unaandika jina la mwenye shida, kisha jina la mama yake: fulani mwana wa mama fulani. Katika mambo mengine ya sheria Myahudi huitwa kwa baba, lakini penye shida anaitwa kwa mama. Chini yake haja, maneno machache: afya, mume mwema, mtoto, deni. Karatasi hukunjwa, hupitishwa juu ya uzio, hudondoka juu ya nyingine. Kufikia jioni ya siku ile ya Adari rundo huwa limefunika jiwe lote. Watu wa pwani wanaojua ziara za makaburi ya masharifu wataitambua sura ya jambo hili haraka, na ubishi wake pia: wapo Wayahudi wanaosema kwamba kumwomba maiti ni kosa, na Wahasidi wanajibu kwamba hawamwombi, wanamtuma. Huko pia wanasema aliyefika kwenye kaburi la Elimelech hafi bila kutubu. Ni imani yao, naileta kama nilivyoipokea.

Nje ya oheli utaona mawe ya makaburi, lakini machache kwa mji uliokuwa na Wayahudi kwa karne kadhaa. Mwezi Septemba 1939 Wajerumani waliwafukuza Wayahudi wa Leżajsk na wa Łańcut kuvuka mto San kwenda upande uliokuwa umechukuliwa na Wasovieti. Waliobaki au kurudi waliuawa miaka iliyofuata. Sinagogi la Leżajsk liliteketezwa, makaburi yakaharibiwa, mawe yakang'olewa. La Łańcut nalo lilitiwa moto, na lililoliokoa ni jambo ambalo huwezi kulipanga: Alfred Potocki, mwenye ile ngome kubwa uliyoiona pale mjini, aliwaomba maofisa wa Kijerumani wauzime, wakauzima. Samani za mbao zilikuwa zimeshaungua. Kuta na Lewiathani vikabaki. Halafu likawa ghala la nafaka, magunia chini ya hema la wenye haki, na baada ya vita nusura libomolewe, wenyeji wakapinga.

Oheli ya sasa ya Leżajsk ilijengwa upya baada ya vita, kwa juhudi za Wahasidi wachache waliosalia na kurudi kutafuta kaburi. Kwa hiyo jengo unalolizuru ni changa kuliko babu yako. Na mji wenyewe, kama watu 13,000 hivi, hauna tena jumuiya ya Kiyahudi ya kuuhudumia. Wageni hutua uwanja wa ndege wa Rzeszów, karibu na bweni lako, hupokewa na Wahasidi wenzao wanaopika kwa masufuria makubwa na kugawa chakula bure, husali usiku kucha, huondoka. Wiki iliyofuata Leżajsk inarudi kuwa mji uliojulikana kwa bia yake, hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 2023, na mji wa kinanda kikubwa cha karne ya 17 katika kanisa la Wabernardino, ambalo nalo lina mahujaji wake, Wakatoliki, mwezi Agosti. Ukienda kukisikiliza kinanda hicho hutajuta, lakini hiyo ni barua nyingine.

Umeuliza pia kama mtu asiye Myahudi anaruhusiwa kuingia. Anaruhusiwa. Wanaume na wanawake husimama sehemu tofauti, na siku ya umati si vizuri kuwapiga picha usoni watu wanaolia. Mimi ningekushauri uende siku ya kawaida, mwezi Juni kwa mfano, nyasi zikiwa zimeota kati ya mawe. Utakuta vikaratasi vya Machi vimepauka, wino umekimbia, majina ya akina mama hayasomeki tena, na pengine mtu mmoja tu ndani anasoma Zaburi kwa haraka huku teksi inamsubiri nje. Mpishe, usimsalimie mpaka amalize. Na ufunike kichwa. Kofia yoyote inafaa, hata hiyo ya sufi uliyonunulia baridi.